Vidonge vya Mwili

Mdogo wangu alikuwa mwembamba, na kwetu Timbwani hilo si jambo dogo. Msichana mwembamba akiingia kwenye shughuli, wanawake humwangalia kuanzia shingoni hadi kisiginoni, kisha humuuliza mama yake, wala si yeye, kama mtoto anakula vizuri. Mimi Mungu alinijalia nyonga, na ulimi pia alinijalia, kwa hivyo nilikuwa wa kwanza kumtania. Mimi ni fundi wa nguo za kike. Nilikuwa nikimwambia kwamba siku moja nitamdhania uzi, nimtunge kwenye sindano. Nasema haya mapema ili nisije nikaonekana malaika katika habari hii, kwa sababu sikuwa.

Aliposwa na kijana wa Mtongwe, mtu mpole anayefanya kazi bandarini. Posa ikakubaliwa na harusi ikapangwa baada ya miezi minane. Mwezi wa pili haujaisha, mdogo wangu akaanza kujaza. Kwanza uso. Mashavu yakawa ya mviringo, yakang'aa kama aliyetoka kuoga, na kidevu kikapotea katikati yake. Kisha kiuno kikaja, kisha tumbo. Majirani wakawa wanasimama barazani kumsifu. "Mashaallah, posa imemkubali!" Mama alianza kutembea kifua mbele. Miaka yote alikuwa akijitetea kwamba mtoto wake anakula, na sasa ushahidi ulikuwa unapita njiani kwa miguu yake.

Hakuna aliyeuliza mwili ule umetoka wapi. Kwetu mtu akikonda huulizwa ana nini. Akinenepa hupongezwa.

Mimi nilimpima mara tatu kwa ajili ya nguo za harusi. Mara ya pili kiuno kilikuwa kimeongezeka sana, lakini mikono na mapaja yalikuwa yamepungua. Niliona ajabu kidogo, nikaachia mshono wa kiunoni, nikabana mikono, nikaendelea. Mara ya tatu kola ilikataa kulala, kwa sababu nyuma ya shingo palikuwa na nyama iliyotuna kama mto mdogo. Nikakata shingo kuwa pana zaidi. Fundi wa nguo hatakiwi kuushangaa mwili, anatakiwa kuufuata. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga nikiwa na futi mkononi.

Mambo mengine pia tuliyaona tukayapa majina tuliyoyataka. Usingizi ulimkimbia, tukasema ni mawazo ya harusi. Alikuwa akilia kwa jambo dogo kama chai kukosa tangawizi, tukasema ndio uanawali unaaga. Alipokuwa akipanda ngazi tatu za nyumba ya jirani ilibidi ajishike ukutani. Tukacheka, tukasema mzigo wa nyama ni mgeni kwake, atauzoea.

Wiki moja kabla ya harusi akawekwa ndani, kama ada yetu ilivyo. Mwari hatoki, haonwi na watu, hapigwi na jua. Somo wake, mwanamke anayemfunda mwari, huja kila asubuhi kumsinga, yaani kumsugua mwili mzima kwa singo, ule unga wa mawaridi, liwa na karafuu uliokorogwa kwa marashi, mpaka ngozi ilainike na inukie. Somo mwenyewe alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, anayekaa upande wa kwendea Shelly Beach. Ndiye aliyenisinga mimi pia nilipoolewa. Ndoa yangu ilidumu miaka miwili, na sidhani kama kosa lilikuwa kwenye singo.

Nakiri kwamba sikumpenda. Alikuwa akiingia nyumbani kwa watu na kuanza kuamrisha kabla ya kuvua viatu. Singo ya dukani hakuitaka hata kuiona. Alitwanga yake kwa mkono wake na kuibeba katika bakuli lililofunikwa kitambaa cheupe. Mkeka alikuja nao. Maji alikuwa akiyaonja joto kwa kiwiko, akiyakataa, akayarudisha jikoni mara mbili. Mimi, kama dada mkubwa, kazi yangu ilikuwa kushika bakuli na kunyamaza, na ninyi mnaonijua mnaelewa ni ipi kati ya hizo mbili iliyonishinda.

Siku ya kwanza alianza na mikono ya mwari. Akasugua, akasimama. Akasugua tena pole pole, halafu akaacha kabisa na kuutazama mkono. Pale vidole vyake vilipopita palikuwa pameanza kuvilia damu, madoa ya zambarau, na wala hakutumia nguvu. Akaifunua kanga tumboni. Kulikuwa na michirizi myekundu iliyoiva, mipana kama kidole, ikishuka ubavuni. Mimi nilikuwa nimempima mdogo wangu juu ya nguo siku zote. Michirizi ile sikuwahi kuiona.

Somo akakaa juu ya visigino vyake. Akamshika mwari paja, akalibonyeza, kisha akamshika shavu.

"Mimi nimesinga wembamba, nimesinga na wanene," akasema. "Mnene huwa mnene mpaka kwenye vidole. Huyu unene wake umechagua pa kukaa. Mwanangu, wala nini?"

"Chakula tu, somo," mdogo wangu akajibu, macho ukutani.

Bibi akanigeukia. "Nawe je? Si wewe umpimaye? Hukuona?"

Nilihisi damu inanipanda mpaka masikioni. Nikamjibu kwamba mimi hupima nguo, sipimi magonjwa. Mama aliyekuwa mlangoni akanikemea. Somo aliendelea kusinga, lakini sasa kwa viganja tu, taratibu, kama mtu anayepangusa sahani ya udongo iliyoanza kupasuka. Leo ninaposema nampenda mwanamke yule, naanzia pale. Madaktari wana vipimo vyao. Yeye alikuwa na viganja viwili na kumbukumbu ya kila mwili uliowahi kupita chini yake, na vilimwambia ndani ya robo saa jambo ambalo nyumba nzima haikulijua kwa miezi saba.

Neno lake lilinikera kwa sababu lilikuwa kweli. Alasiri ile, mdogo wangu alipokuwa akioga, nikapekua mkoba wake. Chini ya kitana na poda kulikuwa na mfuko wa nailoni wenye vidonge vidogo vyeupe, visivyo na karatasi wala jina. Alipotoka bafuni nilikuwa nimeviweka juu ya godoro.

Akalia kabla sijauliza. Ni vidonge vya mwili, akasema. Alivinunua kwa mama mmoja anayeuza mafuta na manukato karibu na soko la Likoni. Alianza na kimoja, akaenda viwili, na mwezi wa mwisho alikuwa akimeza vinne kila siku, kwa sababu alitaka awe amejaa vizuri siku ya kupambwa. "Wote wanavitumia, dada," akasema. "Na wewe mwenyewe uliniambia utanitunga kwenye sindano." Hilo la mwisho lilinichoma, nami nikichomwa huwa sifikiri. Akaniomba kwa Mungu na Mtume nisimwambie Mama. Nikaahidi. Kisha nikauchukua ule mfuko nikaenda nao uani, nikaumimina wote katika shimo la choo.

Nilijiona shujaa. Nilirudi chumbani nikapangusa mikono yangu na kumwambia, "Basi, yamekwisha."

Siku ya pili alikuwa mnyonge tu. Siku ya tatu asubuhi hakuweza kuinuka kusali. Akatapika, na alipomaliza kutapika akatapika tena. Alikuwa akisema viungo vyote vinamuuma na kwamba chumba kinazunguka. Shangazi yetu aliyekuja kusaidia mapishi akasimama mlangoni, akamtazama mwari anayetapika siku nne kabla ya nikaha, kisha akamtazama Mama. Hakusema kitu. Hakukuwa na haja. Neno lile lilikuwa limeshaingia chumbani na kuketi.

Mama alifunga dirisha. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akaamuru kwamba hakuna mtu atakayetoka na hakuna atakayeingia, wala hakuna atakayesimulia.

Mimi ndiye pekee niliyejua kuhusu vidonge, na hapa ndipo ninapoona aibu zaidi. Sikuogopa. Nilidhani sumu inatoka. Sisi tuna imani hiyo, kwamba kibaya kikiondolewa mwili hujisafisha, na kutapika ndiko kujisafisha kwenyewe. Nilimshika kichwa juu ya beseni na kumwambia, "Tapika, mama, itoke yote." Nilimpa maji ya uvuguvugu yenye chumvi ili atapike zaidi. Mdogo wangu alikuwa anakufa mikononi mwangu, nami nilikuwa namhimiza.

Saa tatu somo akaja na bakuli lake. Mama alijaribu kumzuia ukumbini, akamwambia mwari amechoka, leo asisingwe. Bibi alimpita kama anavyopita mtu pazia. Akaingia, akapiga magoti, akamshika mdogo wangu kifundo cha mkono. Akakaa hivyo muda mrefu, midomo ikitembea. Kisha akaweka kiganja kifuani pake, akakiweka kwenye paji la uso.

"Huyu yuwapoa mwili," akasema. "Nipatieni gari."

"Mwari hatoki," Mama akasema. Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba. "Somo, wewe wajua. Kila dirisha la mtaa huu lina macho. Wakimwona yuwapelekwa hospitali na kutapika huku…"

"Watasema ana mimba."

Mama akafunika uso kwa ncha ya mtandio.

"Mimi hili tumbo nimelishika kwa mikono hii siku mbili zote," somo akasema. "Hamna mtoto humu. Nitamwapia yeyote atakaye, msikitini hata sokoni. Na ada hiyo unayoniambia, ni mimi niliyekufunza wewe ukiwa mwari. Mwari hatoki kwenda kutazamwa. Kwenda kuponywa, hutoka. Aibu yake niachieni mimi."

Akavua buibui lake mwenyewe, akabaki na kanga mbili, akamfunika mdogo wangu kuanzia utosini. Mwanamke ambaye sijawahi kumwona njiani bila buibui tangu nizaliwe alipanda tuktuk mchana kweupe akiwa na kanga, kichwa cha mwari mapajani mwake, na akawaamkua wote waliokuwa wakichungulia, mmoja mmoja, kwa sauti ya juu, kama anayekwenda karamuni.

Hospitalini tulipokewa na daktari wa kike, msichana wa bara, mdogo kuliko mimi, miwani ikimteleza puani. Alimpima presha akarudia kumpima. Akamtoboa kidole kupima sukari, akaitazama namba na kuuma mdomo.

"Amekuwa akinywa dawa gani?" akauliza.

"Hakuna," Mama akasema. "Huyu ni mwari. Hajaugua."

Daktari akaandika. Akasema atapimwa malaria, na atapimwa ujauzito, na Mama akatazama sakafu. Mimi nikanyamaza. Nilikuwa nimeahidi, tena kwa Mungu na Mtume, na tena nilijiambia kwamba vidonge viko chooni, havina tena kazi katika habari hii. Daktari akaziona zile alama mkononi. Akaifunua kanga, akaona michirizi, akaupapasa ule mto wa shingoni. Akavua miwani.

"Nawauliza tena, na tafadhali mniambie ukweli. Kuna dawa msichana huyu alikuwa anakunywa, na ameacha?"

Somo hakujua habari ya vidonge. Lakini alikuwa akinitazama mimi, si daktari. "Mpimaji," akasema polepole, "nena."

Nikanena. Vidonge vyeupe, vinne kwa siku, miezi saba. Vya kunenepa. Nilivitupa mimi.

"Lini?"

"Juzi. Vyote."

Aliinuka kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka nyuma yake. Akamwita muuguzi, akataja sindano, na dakika chache baadaye mdogo wangu alikuwa ametundikiwa maji, na dawa ikiingia mshipani. Hakunikaripia. Ningependelea anikaripie. Aliniambia tu nishike mguu wa mgonjwa nimwambie ukianza kupata joto, nami nikaushika kwa mikono yote miwili, nikisema dua zote nilizozijua na nyingine nilizozitunga.

Adhana ya adhuhuri ilipomalizika, mguu ulikuwa na joto. Mdogo wangu akafungua macho, akaomba samaki. Mama alicheka na kulia kwa pamoja, nikaona meno yake yote.

Baadaye daktari alituketisha, akageuza kadi ya hospitali na kuchora upande wa nyuma. Alichora figo mbili, na juu ya kila figo akachora kitu kidogo kilichokaa kama kofia ya kiua ya wanaume iliyokunjwa. Zile ni tezi, akasema. Zinatengeneza homoni inayoitwa kortisoli, na bila hiyo mtu haishi.

Nimeshona tangu nina miaka kumi na sita. Najua kazi nzuri nikiiona, na siku ile niliona kazi nzuri kuliko zote. Daktari alisema kila siku kabla hatujaamka, wakati muadhini bado hajafika kwenye kipaza sauti, tezi zile huwa zimeshaamka. Hutia kortisoli katika damu ili sukari itoke kwenye ini, presha ipande kidogo na macho yafunguke. Ukishtushwa na boda boda barabarani, huongeza. Ukiugua, huongeza. Uvimbe ukizidi, kortisoli huupoza. Jioni hupunguza ili ulale. Hakuna anayeziamrisha kwa mdomo wala kuzishukuru. Nilimwuliza kama hata hasira zinahusika. Akacheka, akasema ndio, hata hasira, na kwamba mtu anayeishi na hasira au hofu bila kupumzika huzitumikisha mno, akakosa usingizi, presha na sukari zikapanda. Somo alinitazama kwa jicho la pembeni. Nikajifanya sikuona.

Vile vidonge, daktari akaeleza, ni ndugu wa kortisoli aliyetengenezwa kiwandani, tena mwenye nguvu kumshinda. Ni dawa ya kweli, huokoa watu wenye pumu kali na magonjwa mengine, lakini kwa kipimo na kwa uangalizi. Ikimwagwa mwilini ovyo, mafuta huhama yakakusanyika usoni, tumboni na shingoni. Nyama za mikono na mapaja huliwa. Ngozi huwa nyepesi kama karatasi, mifupa hudhoofika. Ule haukuwa unene. Ulikuwa mwili unaojila upande mmoja na kujirundika upande mwingine, nasi tukiupigia vigelegele.

"Na tezi zenyewe?" akauliza somo, aliyekuwa amesikiliza kuliko sisi sote.

"Zililala, nyanya. Ziliona kazi inafanywa na mwingine, zikalala. Halafu dawa ikakatwa siku moja." Alisitasita, akanitazama kwa huruma. "Zikiitwa, haziamki hapo hapo. Zinaweza kuchukua miezi. Ndio maana dawa hii haikatwi. Inapunguzwa kidogo kidogo, mpaka ziamke zenyewe."

Kwa hivyo alipotoka hospitali siku ya tatu, alitoka na vidonge vile vile. Safari hii vilikuwa na karatasi, na kipimo kinachoshuka wiki hadi wiki, na tarehe za kurudi kupimwa. Mimi niliyevitupa nikapewa kazi ya kumpa mkononi kila asubuhi na kumtazama akimeza. Sijawahi kufanya kazi yoyote kwa adabu kama ile.

Harusi ikasogezwa wiki tatu. Mama akatangaza malaria. Lakini mdogo wangu alikataa kumdanganya mchumba wake. Alimpigia simu akiwa bado kitandani hospitalini, mimi nikiwa karibu, na akamweleza yote bila kupunguza. Mwisho akamwambia kwamba mwili huu utaondoka, kwamba atarudi kuwa vile alivyokuwa zamani, na kwamba kama hataki aseme sasa. Simu ilikuwa na sauti kubwa, kwa hivyo nilisikia jibu.

"Nilikuposa ukiwa mwembamba," kijana akasema. "Ulidhani sikuona?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye veranda mpaka macho yakakauka. Miaka yote nilidhani mdogo wangu ni dhaifu kwa kuwa ni mdogo na mkimya. Msichana aliyekaribia kufa juzi alikuwa amefanya kwa simu moja jambo ambalo mimi na Mama tusingelithubutu kwa mwaka mzima.

Siku ya kupamba ikafika, ile shughuli ya wanawake ambapo bi harusi hukalishwa juu ya jukwaa ili atazamwe. Ukumbi ulijaa pomoni. Mdogo wangu aliketi katika gauni nililolirekebisha mara tano, macho chini, mikono juu ya mapaja, kimya kama ada inavyotaka. Somo alikuwa amesimama nyuma yake kuhakikisha kwamba hainui uso, nami nimepiga magoti ubavuni pake nikishika pindo la gauni. Uso wenyewe bado ulikuwa wa mviringo, maana dawa ilikuwa imeanza tu kupunguzwa. Wanawake walipanda mmoja mmoja kumtunza na kumsifu. "Mashaallah, kanawiri! Kajaza huyu!" Kila sifa iliniingia kama pini.

Akapanda binti mmoja mwembamba, jamaa wa upande wa bwana harusi. Akainama karibu na sikio langu. "Dada, mwari alitumia vya nani? Mimi navitumia mwezi wa pili huu, sioni kitu. Niongeze vingapi?"

Nilifungua mdomo nimpe maneno yangu. Mdogo wangu akanitangulia. Aliinua uso, akafumbua macho, mbele ya ukumbi mzima, akamshika binti yule mkono.

"Usiongeze," akasema.

Vifijo vikakatika kwenye safu za mbele. Mwari amesema. Nilimtazama somo, nikitarajia amkalishe sawa kwa kiganja chake. Badala yake bibi akamgeukia mwimbaji na wapigaji wake.

"Zimeni ngoma," akasema. "Mwari ana maneno."

Akapewa kipaza sauti. Akakishika kwa mikono miwili. Akawaambia mwili wanaousifu ameununua kwenye mfuko wa nailoni, na kwamba umemla mikono na miguu na nusura umle roho. Akawaambia hakuwa na malaria. Mama alikaa wima kwenye kiti chake, hakusogea. "Na wenye navyo nyumbani, msikimbilie kuvitupa," akaendelea. "Mimi dada yangu alivitupa chooni vyote siku moja, na huko kutupa ndiko kulikotaka kuniua. Nendeni hospitali kwanza."

Wanawake wote wa ukumbi ule wakanigeukia. Nilihisi moyo unakimbia na uso unawaka moto. Nilitafuta hasira yangu, iliyonijia upesi maisha yangu yote, nikakosa hata tone.

"Ni kweli," nikasema. "Nilivitupa mimi."

Kisha katika safu ya nne akasimama mwanamke ninayemfahamu, mama wa watoto wawili, mashavu ya mviringo yaking'aa chini ya taa. Alikuwa amekunja mtandio wake mkononi mpaka ukawa kama kamba.

"Mimi natimiza mwaka," akasema. "Vyangu vimekwisha jana."

Nikaliachia pindo la gauni la harusi, nikashuka jukwaani. Somo alikuwa ameshanitangulia kwenye ngazi, akitafuta viatu vyake na kuitisha gari.